Mkwe Wangu kwenye Usukani

Mama yangu alikuwa bado anaishi Uvira, huko Kongo, nilipompigia simu kumwambia kwamba nakwenda kusafiri baharini na baba mkwe.

"Mutalala ndani ya hicho chombo?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Ni mashua ya matanga. Ina jiko, ina choo, ina vitanda."

"Iko na vyumba ngapi?"

"Viwili."

"Na mulango unafungikaka?"

"Unafungika."

Kwetu mkwe huheshimiwa kwa umbali. Humwoni akivua shati, huli naye sahani moja, na ukimkuta njiani unampisha. Nilikuwa nimeoa Stockholm, nimeoa Mswidi, na kwa miaka yote ya ndoa nilikuwa nimeitunza heshima hiyo kadiri nilivyoweza katika nchi ambayo watu wote huitana kwa jina la kwanza, hata na waziri. Baba wa mke wangu sikuwahi kumwita kwa jina. Sikumwita chochote. Nilisubiri anitazame, kisha nikasema nililotaka kusema.

Alikuwa mhandisi wa madaraja aliyestaafu, mjane, mtu wa maneno machache. Baada ya kumzika mkewe alinunua mashua na kuondoka Uswidi na rafiki yake wa ujana, wazee wawili, na kwa miaka michache tulikuwa tukipokea kadi za posta zenye minazi. Kisha yule rafiki akateleza kwenye ngazi za gati, huko visiwa vya Marquesas katikati ya Pasifiki, akavunjika nyonga na kurudishwa nyumbani kwa ndege. Mkwe wangu akabaki na mashua peke yake. Alipiga simu kwa binti yake, akasema ataipeleka mwenyewe hadi Tahiti.

Tulikuwa jikoni kwetu Rissne, kitongoji cha Stockholm. Mimi nilikuwa nimetoka zamu; niliendesha treni za chini ya ardhi, laini ya bluu. Mke wangu aliweka simu mezani akakaa.

"Baba akisema peke yake, ataondoka peke yake," alisema.

"Nenda wewe."

"Unanijua. Natapika hata kwenye kivuko cha Djurgården." Akanitazama. "Wewe ulishajifunza naye. Na huko wanazungumza Kifaransa."

Ni kweli nilikuwa nimejifunza, majira mawili ya joto kwenye mashua ya kuazima katika visiwa vya nje ya Stockholm, kwenye maji yaliyotulia kama ya beseni. Na kuogelea nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwenye bwawa la Sundbyberg, katika kundi la akina mama wa Kisomali na mzee mmoja wa Kiiraki. Uvira kuna ziwa kubwa mlangoni, lakini lina mamba, na mama hakutaka tulikaribie. Nikaomba likizo kazini. Mkuu wangu alidhani ninatania.

Mkwe alinisubiri gatini Nuku Hiva, kimojawapo cha visiwa vya Marquesas. Nilimwona kutoka mbali: mrefu, amekonda, amechomwa na jua mpaka nyusi zimekuwa nyeupe. Nikaenda nikasimama mbele yake na begi langu. Aliendelea kutazama juu ya bega langu, kama mtu anayengoja mwingine. Mpaka niliposema "Hej", salamu ya Kiswidi, ndipo uso wake ulipofunguka, akanishika mabega yote mawili.

"Umefika!" alisema. "Umenyamaza kama mwizi."

Nikadhani ni jua. Pale mwanga wake ulikuwa unaumiza hata macho yangu.

Mashua ilikuwa ndogo kuliko nilivyomwambia mama. Chumba cha mbele kilikuwa na mlango, kweli, lakini ndani yake kulijaa matanga, kamba na mitungi ya maji. Tulilala kwenye mabenchi mawili ya kati, yeye kulia, mimi kushoto, meza kati yetu. Tukinyoosha mikono wote wawili, vidole vingegusana. Asubuhi ya kwanza alivua nguo zote, akasimama nyuma ya mashua na kujimwagia ndoo ya maji ya bahari huku akipiga mluzi. Nilikimbilia ndani nikaanza kuosha vikombe.

"Unafanya nini huko?" aliuliza.

"Naosha vikombe."

"Vilishaoshwa."

Asubuhi ya pili nikaosha vikombe tena. Ya tatu akachungulia ndani, maji yakimtiririka, akataka nimwambie nina tatizo gani. Nikamwambia, nikiwa nimetazama sakafu. Nilimweleza maana ya mkwe kwetu. Alicheka kwa muda mrefu, lakini tangu siku ile alioga amevaa kaptula, na akininyooshea sahani ya chakula alitangulia kukohoa kidogo, kama anayebisha hodi.

Tulipong'oa nanga kuelekea kusini magharibi, mafunzo yakaanza. Kila kitu nilisoma mimi. "Soma," alikuwa akisema, na mimi nasoma namba za kipima kina, ramani, GPS, jedwali la maji kujaa na kupwa. "Kwa sauti. Ukisoma kwa sauti hutasahau." Nilimwona mwalimu mkali, nikafurahi kwamba ananichukulia kwa uzito. Akimimina kahawa aliingiza ncha ya kidole ndani ya kikombe na kumimina hadi kahawa imguse. Nilidhani ni tabia ya watu wa bahari kwa sababu chombo kinayumba. Kamba zote alizijua kwa kupapasa. Matanga aliyajua kwa sikio. Akiwa amelala kwenye benchi aliweza kuniambia tanga la mbele limelegea, nami nikitoka nje nakuta limelegea kweli.

Kulikuwa na saa za raha, siwezi kukataa. Upepo ulikuja kutoka nyuma siku nzima bila kubadilika, na samaki wenye mabawa walianguka kwenye sitaha tukawakaanga kwa kitunguu. Lakini sikulala vizuri. Mwili wangu ulikuwa umezoea ratiba, vituo, milango inayofunguka na kufungwa. Hapa mawimbi yalikuja nyuma yetu makubwa kama nyumba, yakatuinua, yakatuachia, na hakuna mtu wa kumpigia redio.

Siku moja mchana niliona meli ya mizigo mbele yetu.

"Kuna meli," nikasema.

"Naiona." Aligeuza uso, lakini aliukazia upande wa kulia wa meli, kwenye maji matupu. "Iko mbali."

Haikuwa mbali. Niliona michirizi ya kutu iliyoshuka kutoka kwenye nanga yake.

"Nadhani tugeuke," nikasema.

Meli ilizidi kuwa kubwa. Nikarudia, sauti imepanda.

"Iko upande gani wa mlingoti?" aliuliza.

"Kushoto. Kushoto kidogo tu!"

Akausukuma mkono wa usukani kwa nguvu, mashua ikalala ubavu, sahani zikaanguka ndani. Meli ilipita karibu kiasi kwamba nilimwona mtu mwenye ovaroli ya rangi ya chungwa akimwaga ndoo ya maganda. Hakutuona. Mawimbi yake yalitutikisa, tanga likapiga huku na huku, kisha bahari ikawa tupu tena.

"Vizuri," alisema mkwe wangu. "Nilikuwa nakupima."

Nilitaka kumwamini. Ni mzee, ni mkwe, ni mwenye chombo. Lakini mimi ni dereva, na kazini macho yetu hupimwa mara kwa mara. Nimewahi kumwona mwenzetu mmoja akitoka kwenye chumba cha daktari na kukabidhi funguo. Jioni ile nilimtazama mkwe akikata mkate. Hakuutazama. Alitazama pembeni yake, kama ndege.

Nikajiambia nitamuuliza tukifika.

Tulipanga kupumzika kwenye moja ya visiwa vya matumbawe vilivyo kati ya Marquesas na Tahiti. Visiwa hivyo ni kama pete: duara la miamba na minazi, katikati ziwa la maji ya chumvi, na mlango mmoja tu wa kuingilia. Maji yote yanayojaa na kupwa hupita mlangoni hapo, kwa hiyo mkondo wake unaweza kukimbia kuliko chombo. Unaingia maji yakiwa yamesimama, jua likiwa juu nyuma yako, ili uweze kuona rangi: bluu ni kina, kijani ni hadhari, kahawia ni mwamba. Haya yote alinifundisha yeye. Nilimsomea jedwali, akapiga hesabu kichwani, akachagua muda. Injini italia, alisema, hatutasikizana. Mimi nisimame mbele kabisa, nimwonyeshe njia kwa mikono. Mkono wa kulia, anakwenda kulia. Mkono wa kushoto, kushoto. Yote juu, asimame.

"Na wewe utaniona vizuri?" nikauliza.

"Wewe? Mrefu hivyo?" Akacheka.

Hilo ndilo nililokuwa nimejiambia nitamuuliza, na hapo nilikuwa nimeliuliza, na alikuwa amecheka. Nikaenda mbele.

Maji hayakuwa yamesimama. Siku kadhaa za mawimbi makubwa zilikuwa zimelijaza lile ziwa kwa kupitia juu ya miamba ya upande wa pili, na sasa lilikuwa linamwagika nje kupitia mlango huo mmoja. Niliyaona yanachemka. Kulia kwetu mwamba ulionekana na kuzama, ukionekana unamwaga povu. Mkwe aliongeza moto wa injini. Tulisogea kama mtu anayepanda eskaleta inayoshuka. Nilipoangalia minazi ya pwani niliona tumesimama, kisha tunakwenda kidogo, kisha tumesimama.

Tulikuwa tumekaribia kupita nilipoona kahawia mbele yetu, pana kama kitanda, chini ya maji kidogo tu. Nikanyoosha mkono wa kushoto. Mashua haikugeuka. Nikaunyoosha zaidi, nikautikisa. Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye usukani, ananitazama. Ananitazama kabisa, uso wake umeelekea kwangu, kwenye mkono wangu uliokuwa hewani, na hakufanya chochote. Nikainua mikono yote miwili. Alinitikisia kichwa, ametulia, kama anayeambiwa mambo yako sawa.

Pale ndipo nilipojua.

Nikapiga kelele, "Baba!"

Sikulichagua neno hilo. Lilitoka lenyewe, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia mbele yake. Nilikuwa tayari ninakimbia juu ya sitaha, nikishika nyaya za mlingoti. Chini yetu kitu kilikwaruza, sauti ya mawe ndani ya pipa, na mashua ikasimama ghafla hata nikaanguka kwa magoti. Kisha ikainuka, ikakwaruza tena, ikaachiwa. Mkondo ukaanza kutugeuza ubavu kuelekea kwenye povu.

Niliruka nyuma, nikamshika mkwe wangu kiunoni na kumtoa kwenye usukani. Nilimsukuma. Alikalia benchi kwa kishindo. Nikaukamata mkono wa usukani, lakini nikiwa chini hivyo sikuona chochote mbele isipokuwa paa la chumba.

"Siwezi kuona!" nikalia.

"Panda juu ya benchi," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, wazi. "Simama. Endesha kwa mguu."

Nikapanda. Niliuweka mguu kwenye mkono wa usukani, mkono mmoja ukishika waya wa nyuma.

"Mimi nashika injini. Wewe tazama rangi, uniambie," alisema.

"Kahawia kulia. Bluu kushoto."

"Nenda kwenye bluu. Usiogope mkondo, nakuongezea."

Na akaongeza, kabla sijaomba, kila mara injini ilipoanza kuelemewa. Aliisikia. Mimi nikisema "polepole" alikuwa tayari ameshapunguza. Sijui ilichukua muda gani. Kisha maji yakawa laini, rangi moja ya bluu iliyofifia, na kelele yote ikabaki nyuma yetu. Tulipita kati ya miamba mingine michache, tukafika mahali penye mchanga, nikaenda mbele nikaangusha nanga. Akazima injini.

Tulikaa. Mkono wake mmoja ulikuwa umechubuka nilipomsukuma.

"Nimekusukuma," nikasema hatimaye. "Nisamehe."

"Usiombe msamaha kwa hilo." Alifuta damu kwa shati. "Jicho la kulia ni tangu mwaka jana. La kushoto limeanza baadaye. Katikati hakuna kitu. Nikikutazama naona mabega yako, naona minazi, uso wako haupo. Pembeni naona vizuri tu."

"Rafiki yako alijua?"

"Alikuwa macho yangu. Ndiyo sababu tuliweza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali kuja?"

"La."

"Basi."

Hasira ilinipanda hapo, wakati hatari imeshapita. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilimwambia kwa Kiswidi kilichovunjika kuliko kawaida yangu kwamba nina mke, kwamba mke huyo ni mtoto wake. Nilimwambia kwamba kazini kwangu dereva asiyeona hushuka, hata akiwa nani. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua nilitambua kwamba ananitazama begani, na kwamba amekuwa akinitazama begani tangu gatini.

"Usimwambie," alisema.

Nilihitaji kwanza kujua kama mashua ingali nzima. Nilivaa miwani ya kuogelea, ile ile ya Sundbyberg, nikashuka ngazi ya nyuma. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na angavu hata ningeweza kuona mnyororo wa nanga mpaka mwisho wake, na papa wawili wadogo wenye ncha nyeusi wakizunguka bila haraka. Aliniambia kutoka juu kwamba hao hawana neno. Nilitamani kumuuliza amewaonaje. Nilivuta pumzi nikazama. Mkuku, ule uzito wa risasi ulio chini ya mashua, ulikuwa na jeraha refu linalong'aa, lakini risasi ni laini, ilikunjika tu. Usukani ulikuwa umemeguka pembe ya chini. Niliutikisa kwa mikono yote. Ulishikilia. Nilizama mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu huko chini kulikuwa kimya na sikulazimika kuamua lolote.

Nilipopanda nikamkuta ameshika simu ya setilaiti, ile kubwa kama tofali tuliyoitumia kwa dharura.

"Piga namba," alisema. "Mimi sizioni."

Nikapiga, nikampa, nikataka kwenda mbele ili asiongee mbele yangu. Alinishika mkono nikae. Mke wangu alipokea. Nilisikia sauti yake, nyembamba, ikichelewa kila baada ya sentensi.

"Ni baba," mkwe wangu alisema. "Tuko salama. Tumegonga kidogo. Sasa nisikilize, usikatize, dakika za hapa ni ghali." Kisha akamwambia, kama mtu anayesoma taarifa ya daraja lililopata ufa. Alipomaliza alisikiliza kwa muda. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo. Yuko hapa." Akanipa simu.

"Unaweza kuileta hiyo mashua Tahiti?" aliniuliza mke wangu.

"Sijui."

"Sema kweli."

"Nikiwa naye, naweza. Peke yangu hapana."

"Basi njooni," alisema.

Tulikaa pale mpaka mawimbi ya nje yalipotulia. Nilikwenda kijijini kwa boti yetu ndogo ya mpira, nikazungumza Kifaransa na mvuvi mmoja, mama mnene mwenye kofia ya majani, aliyenieleza kwamba jedwali la maji halifai pale. Wao hutazama ndege wanavyokaa juu ya mlango. Nilipomweleza mkwe, akaniambia nirudi nimuulize ndege gani. Asubuhi tuliyotoka nilisimama tena juu ya benchi na mguu kwenye usukani, mkwe kwenye injini, na mvuvi yule akatutangulia kwa mtumbwi wake wa mota hadi nje. Nilimpungia mkono kumshukuru.

Hadi Tahiti niliendesha mimi. Upepo uligeuka kuwa mkali siku ya mwisho, mvua ikaja ya ubavu, na ilitubidi tupunguze tanga kuu wakati mashua inarukaruka. Mkwe alitambaa hadi kwenye mlingoti akiwa amejifunga kamba, akafanya kazi yote kwa vidole, huku akiniimbia amri. Nilikuwa nimemkataza asiende. Akaenda. Sijawahi kumwogopea mtu kama nilivyomwogopea dakika zile, na aliporudi, amelowa, akacheka, nusura nimtukane.

Huko Papeete, mji mkuu wa Tahiti, daktari wa macho alimwambia apande ndege mara moja. Nilikuwa mkalimani, kwa hiyo mimi ndiye niliyelazimika kumwambia kwa Kiswidi kwamba jicho la kulia halitarudi. La kushoto walimchoma sindano kwa miezi mingi Stockholm, sindano ndani ya jicho lenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza kwa sababu zamu zangu ziliruhusu. Kilichokuwa kimebaki kilibaki. Mashua waliichukua mume na mke kutoka Kanada.

Mke wangu alikasirika nasi wote wawili, baba kwa kuficha na mimi kwa kumsukuma na kisha kumsamehe haraka. Siku moja, tukikunja nguo sebuleni, nilimuuliza kama alikuwa anajua.

"Krismasi ile kabla, alipokuja kwa ndege kututembelea, alimwaga mvinyo mezani," alisema. "Nilidhani ni uzee."

"Ulidhani tu?"

"Nilihisi kuna kitu. Sikujua ni macho. Nilitaka mtu awe naye."

Nilikaa na jibu hilo siku nyingi, nikiligeuza, hasa ndani ya treni, kwenye njia ndefu iliyonyooka kati ya stesheni mbili. Kuna siku nilimwona kama mtu aliyenituma kwenye miamba ile huku akijua nusu. Kuna siku nilimwona kama binti anayemwogopea baba yake na asiye na mtu mwingine wa kumtuma. Sikumuuliza tena. Jumapili mkwe alikuja kula kwetu, akakaa kiti cha karibu na dirisha, akaniomba nimsomee gazeti, na nikamsomea.